Mume wangu kaacha pombe, sasa kamari ndo imeshika kasi. Je ndo alivyoumbwa?

Habari za kazi mshauri,

Naomba jina langu lisitoke maana ndugu wa mume wangu wanasoma sana safu yako. Hii barua nimeiandika na kuifuta mara nyingi, leo nimeamua naituma hivihivi ilivyo.

Mume wangu alikua mlevi, na simaanishi wa kunywa wikendi. Ilifika mahali anaanza asubuhi kabla hajapiga mswaki, kazini wakamvumilia weee mwisho wakampa onyo la mwisho kwa maandishi, ndo akakubali kwenda kutibiwa. Alilazwa, akatoka, akaendelea na vikao vya ushauri nasaha na mpaka leo hajagusa tena. Na hapo nina uhakika, mimi pua yangu kwenye hilo haidanganyiki. Kila mtu anatupongeza, kanisani wanatutolea mfano, na mimi natabasamu huku moyoni nawaka moto.

Ishu ni kubeti. Zamani alikua anaweka mikeka ya mpira kama wanaume wengi tu, mkeka ukichanika analalamika kidogo yanaisha, wala sikuona tatizo. Ila tangu aache pombe simu haimtoki mkononi. Anabeti ligi za nchi ambazo hajui hata timu zake, anabeti tenisi usiku wa manane na hajawahi kushika raketi maishani mwake, na siku hizi kahamia kasino ya kwenye simu ambako huna haja hata ya kusubiri mechi iishe. Nimekuta meseji za mikopo nisiyoijua. Hela tuliyokua tunaweka ya kiwanja imeisha yote. Kumuuliza akasema kamkopesha rafiki yake, nilipokutana na huyo rafiki akabaki ananishangaa.

Hiyo hela ya kiwanja iliondoka usiku mmoja, ile siku bosi wake alimfokea mbele ya vijana anaowasimamia, alirudi hajaongea na mtu. Usiku mwingine mbaya ilikua siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba yake, nikaamka saa tisa nikamkuta sebuleni na simu macho mekundu. Na mwingine tulikua tumegombana kuhusu mama yake kuja kukaa kwetu.

Kila nikigusia hii mambo ananijibu sentensi moja tu, "Kwahiyo wewe unataka nirudi kwenye pombe?" Hapo mdomo unajifunga wenyewe. Maana kwakweli nikikumbuka tulikotoka, naona bora hela iishe kuliko ile chupa irudi ndani. Labda hii kamari ndo inamshikilia, nani anajua.

Wifi yangu yeye anasema kaka yake ni saikopathi, eti kasoma mtandaoni dalili zote anazo, anadanganya, hajutii, anapenda msisimko, nikimbie na watoto wangu. Mama mkwe anasema hapana, ndo alivyozaliwa, toka mdogo alikua hana subira, akitaka kitu anakitaka sasa hivi na ukimnyima anapasua vitu. Ni kweli akiudhika anakua mtu mwingine. Lakini huyohuyo kazini anatengeneza mashine, anaweza kukaa na mashine moja siku nzima mpaka ijibu. Na mtoto wetu alipoanguka akapasuka kichwa mimi nilikua napiga kelele tu, yeye ndo alikua ametulia, akafunga kidonda, akampakia kwenye gari. Sasa mtu wa papara anaweza kufanya hivyo?

Na huyo mtoto ndo kingine kinachoninyima usingizi. Ana miaka 4, hakai chini, akikataliwa kitu anajigaragaza, na kila mama mkwe akimuona anacheka anasema "huyu baba mtupu." Yeye anacheka, mimi naumia tumbo.

La mwisho, mume wangu ananiomba nichukue mkopo kazini kwangu, kwa jina langu, tulipe madeni yote halafu tuanze upya. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nimkatalie? Nimwambie ukweli wote nisubiri liwalo na liwe? Au ninyamaze maadam hanywi? Na kama ni tabia ya kuzaliwa nayo, napigana na nini mimi?

Jina limehifadhiwa

*

Dada yangu,

Asante kwa kuituma hivihivi, maana barua ambayo haijapambwa ndo inayonisaidia mimi kuona. Na pole. Kupongezwa hadharani kwa kitu ambacho nyumbani unajua hakijaisha ni upweke wa aina yake.

Nikikuelewa vizuri, hela inakuuma lakini hofu yako kubwa ni nyingine, kwamba kamari ndo kizibo kinachozuia pombe isirudi, na wewe ukikichomoa utakua umemrudisha mwenyewe kwenye chupa. Pembeni ya hiyo hofu umebeba maelezo mawili ya watu wengine, la wifi kwamba ni mtu mbaya na la mama mkwe kwamba ni mtu wa hivyo. Yote mawili yanakuacha huna la kufanya zaidi ya kukimbia au kuvumilia.

Tuanze na hicho kizibo. Sina sababu ya kuamini mumeo anasema ile sentensi kwa ujanja tu, inawezekana kabisa anaiamini, mtu akitoka kwenye ulevi jioni zinakua ndefu kupita kiasi na kubeti kunazijaza. Lakini ebu angalia na upande wa pili. Kamari inamletea madeni, uongo wa kukumbuka, usiku bila kulala, ugomvi na wewe na aibu. Na hivyo vitu ndivyo vinavyowarudisha wengi kwenye kunywa. Kwahiyo ukimya wako nao sio sehemu salama kama inavyoonekana, una hatari zake, ila zinakuja taratibu na hazipigi kelele.

Halafu jua kwamba mumeo sio kiumbe wa ajabu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani, uliohoji watu zaidi ya 43,000, matokeo ya kuhusu kamari yakatoka mwaka 2005, na ukakuta kati ya waliowahi kuwa na uraibu wa kamari, karibu 73 katika kila 100 waliwahi pia kuwa na tatizo la pombe, na 38 la dawa za kulevya. Hivi vitu vinatembea pamoja sana. Madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo la 5 la mwongozo wao wa magonjwa mwaka 2013 waliitoa kamari kwenye kundi la wanaoshindwa kujizuia kuiba na kuchoma moto vitu, wakaiweka fungu moja na pombe na madawa. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu nyingi za kutibu ulevi bado hawaulizi kuhusu kubeti. Mtu anaweza kukaa kwenye vikao, akasifiwa kwa kutokunywa, na hakuna aliyemuuliza simu yake inafanya nini usiku. Mumeo nae alishaulizwa kweli?

Sasa tabia, maana mama mkwe hajakosea kabisa. Kule Dunedin, New Zealand, kuna watoto karibu elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 ambao watafiti wamewafuatilia maisha yao yote. Walipimwa haiba, yaani hulka ya mtu, anavyohisi na anavyojizuia, wakiwa na miaka 18, na walipofika 21 wakaangaliwa nani ana tatizo la kamari. Wenye tatizo walikua wale ambao hisia mbaya zinawaelemea haraka, hasira, wasiwasi, kuhisi wanaonewa, na breki zao za ndani ni dhaifu. Na sura hiyohiyo ya haiba ndio waliyokua nayo wenye tatizo la pombe, bangi na sigara. Mtafiti mwingine, Nancy Petry, mwaka 2001 aliwapa watu chaguo la kufikirika, hela kidogo leo au nyingi baadae, akaona wacheza kamari wanaipunja sana thamani ya kesho, na wenye kamari pamoja na ulevi au madawa walikua wanaipunja kuliko wote. Ukisoma hivyo utaelewa kwanini mkeka wa wikendi haumtoshi tena na kahamia kwenye kasino inayotoa jibu kwa sekunde.

Lakini wewe mwenyewe umeuliza swali ambalo wifi na mama mkwe hawajauliza, mtu wa papara anatulia vipi mtoto akiwa anavuja damu? Papara sio kitu kimoja. Mwaka 2001 watafiti wawili, Whiteside na Lynam, waliipasua wakakuta ndani kuna vitu tofauti, kuna kukurupuka ukiwa umechafukwa moyo, kuna kutofikiria mbele, kuna kushindwa kumaliza ulichoanza, na kuna kupenda msisimko tu. Mtu anaweza kuwa nacho kimoja kwa wingi na vingine hana. Mumeo anakaa na mashine siku nzima mpaka ijibu, hapo uvumilivu upo. Kwenye dharura anatulia. Ila nimerudia barua yako nikaona zile siku tatu mbaya ulizozitaja zote zimetanguliwa na jambo, kufokewa na bosi, kumbukumbu ya baba yake, ugomvi wenu. Wewe umeziandika ukipita tu, mimi zimenisimamisha.

Naweza kuwa nakosea. Siku tatu ni chache, na pengine anabeti vilevile siku akiwa na furaha ila hizo huzioni kwasababu hamjagombana. Ebu chunguza hilo kabla hujachukua neno langu, na wala usimfanyie upelelezi kwenye simu, angalia tu siku yake ilivyoanza na ilivyoisha. Kwanini nasisitiza? Kwasababu wataalamu wa kamari wanatofautisha anayecheza kwakuwa mazoea yamemzidi nguvu, anayecheza kuzima maumivu, na yule aliyekua wa kukurupuka kwenye kila kitu tangu utotoni. Wote watatu wanapoteza hela sawasawa lakini msaada unaowafaa haufanani. Kama wa kwako ni wa kuzima maumivu, basi kumfungia kubeti bila kugusa maumivu ni kumwacha atafute kitu cha tatu.

Kuhusu usaikopathi, hapa niruhusu nimpinge wifi kidogo. Kudanganya ili kuficha ukubwa wa kamari ni dalili mojawapo kati ya 9 zinazotumika kutambua huo uraibu wenyewe. Kwahiyo uongo wa kumkopesha rafiki unatuambia kamari imefika mbali, hautuambii kwamba hana utu. Ni kweli utafiti uleule wa 2005 ulikuta zaidi ya nusu ya waraibu wa kamari walikua na tatizo fulani la haiba la kiwango cha kitabibu, siwezi kukuficha, lakini hilo linapimwa na mtaalamu anayekaa nae, tena ikiwezekana mtu akiwa amekaa muda bila kunywa, maana pombe yenyewe inamfanya mtu mpole aonekane katili na mkatili aonekane mchangamfu. Mtandao hauwezi hiyo kazi. Ila kama kuna siku ametishia kukuumiza wewe au watoto, na hukuiandika, basi barua hii yote isome kwa jicho lingine na usalama wenu utangulie.

Na je haiba inabadilika? Inabadilika kiasi. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 207 za watu waliopata tiba mbalimbali wakaona haiba inasogea ndani ya miezi michache, hasa ule wepesi wa kuelemewa na hisia. Ila waliokua kwenye tiba ya ulevi na madawa ndio waliosogea kidogo kuliko wengine wote. Nakwambia hilo usije ukasubiri mume mpya. Habari njema kidogo ni kwamba hahitaji kuwa mtu mwingine ili aache, inatosha azijue saa zake za hatari, na simu iwe imeshafungwa kabla hizo saa hazijafika.

Mtoto. Nilijua ungeuliza, na nisingependa uje ukutane na hii habari mahali ikiwa nusu. Walewale watoto wa Dunedin waliangaliwa wakiwa na miaka 3, na waliokua hawatulii na wanalipuka walikuja kuwa na tatizo la kamari ukubwani zaidi ya mara mbili ya waliokua wametulia. Lakini wengi wao hawakupata hilo tatizo. Mtoto wa miaka 4 anayejigaragaza akinyimwa kitu ni mtoto wa miaka 4. Kama ana moto wa baba yake, kinachomsaidia ni nyumba yenye ratiba inayoeleweka, mtu mzima asiyelipuka nae, na kumfundisha kusubiri kidogokidogo kwa ahadi inayotimizwa kweli. Hili la "baba mtupu" ningemwomba mama mkwe aliache, kwa heshima, pembeni, mtoto asisikie. Watoto wanalisikia jina wanalopewa.

Turudi kwa mumeo. Unaweza kuendelea kunyamaza, bei yake nimeshaisema. Unaweza kumwambia kila kitu, na hapo cha muhimu ni lini na vipi. Sio siku aliyoliwa, sio siku aliyofokewa, sio mbele ya ndugu. Na akirusha ile sentensi yake, usibishane nayo, unaweza kumjibu, "Hapana, sitaki urudi, ndo maana naogopa na hii, kwasababu nakuona ukiwa na maumivu ndo unaishika simu." Kisha umuulize yeye mwenyewe anaona nini. Huenda akakasirika na kutoka, hiyo hatari ipo. Huenda akalia. Huenda akakataa leo akakubali baada ya wiki mbili, watu wengi wanakubali wakiwa peke yao.

Njia nyingine ni kupitia yule mshauri wake wa ulevi, mwende pamoja au umshawishi yeye aseme. Faida yake ni kwamba kuna mtu wa tatu na anajua historia, na pia daktari anaweza kuangalia dawa. Kuna dawa, naltreksoni, ya kutibu ulevi, imejaribiwa pia kwa kamari na ikaonyesha kuwasaidia baadhi. Na kinyume chake zipo dawa, kwa mfano baadhi za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na za akili, ambazo zenyewe zinaweza kumwasha mtu kamari, kwahiyo kama ameanzishiwa dawa mpya yoyote itajwe. Hatari ya njia hii ni moja, ukienda bila yeye kujua ataona umemshtaki.

Mkopo sasa. Naelewa kwanini unavutia, nani asiyetaka kuanza upya. Ila jiulize ni nini kitakachokua kimebadilika siku ya kwanza baada ya kulipa, maana simu ni ileile na bosi ni yuleyule. Kutegemea wengine wakulipie madeni nayo ni mojawapo ya zile dalili 9, na deni likiondoka ghafla mtu anaweza kuhisi nafasi imefunguka tena. Upande wa pili, kuna madeni mengine ukiyaacha yanawaumiza watoto, hilo silipuuzi. Kati ya ndio na hapana kuna vitu vya kuzungumza, kwanza aorodheshe yote, yote kabisa, kwenye karatasi, wewe uyaone. Pili kama kuna la kulipwa lilipwe moja kwa moja kwa mdai, lisipite mkononi mwake. Tatu ajifungie akaunti za kubeti mwenyewe, kampuni nyingi zina utaratibu wa mteja kuomba azuiwe, na mshahara upitie mahali mnapopaona wote. Hili la mwisho lina sumu yake pia, mwanaume aliyedhibitiwa kila senti bila ridhaa yake anatafuta mkopo mwingine gizani, kwahiyo likubalike, lisilazimishwe. Na mwisho wa mwezi ni tarehe yake. Unaruhusiwa kusema bado sijaamua.

Mawili ya haraka. Madeni ya kamari yanawafikisha watu kwenye kutaka kujiua zaidi ya wengi wanavyodhani. Ukimwona amekata tamaa, anaaga aga, anasema mngekua bora bila yeye, muulize moja kwa moja kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndio usimwache peke yake na mtafute msaada siku hiyohiyo. La pili, ikitokea ameteleza kwenye pombe na amerudia kunywa kila siku, asiache ghafla nyumbani, kuacha kwa ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo, apelekwe kwa daktari.

Na wewe je? Barua nzima sijaona mtu hata mmoja unayeongea nae zaidi ya wifi anayekuambia ukimbie na mama mkwe anayecheka. Yapo makundi ya familia za waraibu, na wapo washauri wanaokaa na mke tu hata mume akikataa kuja, sio lazima umsubiri yeye akubali ndo wewe upate pa kupumulia.

Ukishaongea nae, hata ikienda vibaya, niandikie. Hasa ningependa kujua alijibu nini ulipomuuliza kuhusu ule usiku wa kumbukumbu ya baba yake.